Kumhifadhi Mwenye Kutibu Wakati wa Wabaa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa funguo za mahali pa tiba mjini Kampala, pawe ni wodi moja katika hospitali kuu ya Mulago, au kliniki ya vyumba vitatu juu ya duka huko Bwaise, au kituo cha serikali cha Kisenyi ambako kina mama na watoto hujaa ukumbini kabla jua halijapanda. Nao una jambo moja kubwa la kusema, ambalo mengine yote yanalifuata, kwamba siha ya tabibu, muuguzi, mkunga, mfagiaji na dereva wa gari la wagonjwa haihifadhiwi kwa ushujaa wao, bali kwa tadbiri iliyofanywa mapema na yule aliyewekwa juu yao, wakati maradhi bado hayajapewa jina.

Mwezi wa Oktoba 2000, Ebola ilipozuka Gulu, Dk. Matthew Lukwiya, msimamizi wa Hospitali ya Mtakatifu Maria iliyoko Lacor, alikuwa hapa Kampala akiongeza elimu yake katika Chuo Kikuu cha Makerere. Aliitwa, akarejea kaskazini, akatambua upesi ni maradhi ya namna gani yaliyokuwa mbele yake, na akapanga wodi ya kuwatenga wagonjwa hata kabla majibu ya maabara hayajafika, hivi kwamba wako watu wanaoishi leo kwa sababu hakungoja. Lakini usiku mmoja, muuguzi wake mwenyewe alipokuwa mahututi na akitapatapa kitandani, Lukwiya alikwenda kumsaidia akiwa amevaa barakoa, glavu na joho, ila macho yake hayakuwa na kinga. Akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Wabaa ule uliwapata watu 425 na kuwaua 224, na katika hesabu iliyotolewa mapema mwaka 2001, miongoni mwa wahudumu 22 wa afya wa Gulu walioambukizwa, 14 walipatwa baada ya wodi za kutengea kwisha kufunguliwa. Nakuomba uisome hesabu hiyo mara ya pili. Wengi wao hawakupatwa katika siku za gizani, watu walipokuwa hawajui wanapambana na nini. Walipatwa wakijua, wamevaa, wamechoka, na aghalabu wakimhudumia mtu waliyemjua kwa jina.

Basi pana nyakati tatu ambazo mhudumu huangamia: kabla ya maradhi kujulikana, wakati wa kuvua mavazi ya kujikinga, na pale mgonjwa anapokuwa ni mwenzake. Tadbiri yako yote iwe juu ya nyakati hizo, na mengine uyape nafasi baadaye.

Kwa wakati wa kwanza, mji wetu umekwisha kuonywa zaidi ya mara moja. Septemba 2014 mhudumu mmoja wa afya alifariki Kampala kwa maradhi ya Marburg, na watu 197 waliokaribiana naye wakafuatiliwa mpaka muda wa hatari ukapita bila hata mmoja wao kuthibitishwa kuwa na Marburg. Januari 2025 muuguzi wa Mulago alishikwa na homa, akazunguka kutafuta tiba mahali kadhaa, pamoja na Mbale na kwa mganga wa kienyeji, kisha akarudishwa Mulago akafia huko tarehe 29. Kesho yake serikali ikatangaza Ebola ya aina ya Sudan. Fikiri ni mikono mingapi ilimshika mtu huyo, ikampima mapigo ya moyo, ikamtafutia mshipa wa kutia dripu, ikamfuta jasho, kabla ya tangazo hilo. Mlipuko ule ulikomea watu 14, wakihesabiwa na wawili ambao maabara haikupata kuwathibitisha, ukatangazwa kwisha tarehe 26 Aprili. Lakini mtu wa kwanza kujulikana kuwa mgonjwa alikuwa mtu wa kazi yetu.

Ebola na Marburg huanza kama malaria ianzavyo, kwa homa, kichwa kuuma, maungo kulegea na kukosa hamu ya chakula, na Kampala homa ni jambo la kila asubuhi; kwa hiyo usimtarajie muuguzi wako aonyeshwe hatari na sura ya mgonjwa. Weka meza langoni, nje, penye kivuli na upepo, na kati ya anayeuliza na anayeulizwa pawe na nafasi ya mita moja au zaidi, bila kugusana. Maswali yawe machache na yaulizwe kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa lugha yoyote ya wateja wako: una homa tangu lini, umetapika au kuhara, umetoka wapi katika wiki tatu hizi, je, umemuuguza mtu au umehudhuria maziko ya mtu aliyekufa ghafula? Wiki tatu ni kwa sababu Ebola huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kujitokeza. Mwenye homa ambaye kipimo cha malaria kimeonyesha hana, au aliyetibiwa malaria na homa ikakataa kushuka, asirudishwe kwenye foleni ya ukumbini. Apelekwe moja kwa moja katika chumba chenye mlango wake na choo chake, apewe maji ya kunywa na maelezo ya heshima, na simu ipigwe kwa timu ya ufuatiliaji ya mamlaka ya jiji, ambayo namba yake itakuwa imeandikwa ukutani kwa wino usiofutika. Utaniambia kwamba kliniki yako haina chumba cha ziada. Basi chagua leo ni chumba gani kitakachoondolewa vitu vyake siku hiyo, na nani atakayeviondoa, kwani uamuzi huo ukingoja mpaka mgonjwa awe amesimama mbele yako, utafanywa vibaya.

Na yule anayekaa kwenye meza ya langoni, ambaye mara nyingi ni askari mlinzi au msichana aliyeajiriwa juzi kuandika majina, ndiye mtu wa mbele kuliko daktari. Mpe barakoa na miwani ya kukinga macho kabla hujampa kalamu.

Juu ya glavu na usafi wa mikono sitarefusha maneno, kwani kila aliyepita chuo cha uuguzi anayajua. Ila nitasema kwamba hadhari za kila siku, yaani glavu kwa kila damu, sindano isiyorudishiwa kifuniko chake, na sanduku la vyenye ncha kali linaloondolewa likijaa robo tatu, ndizo zinazomwokoa mhudumu katika zile siku za kabla ya jina, kwa sababu hazingoji kuambiwa kuna wabaa. Ghala lenye mavazi meupe ya kufunika mwili mzima huku wodi ya wazazi haina glavu ndefu za mkunga ni ghala lililopangwa na mtu asiyejua damu inamwagika wapi. Wewe mwenyewe uwe na hesabu ya kila saizi, na ufunguo usilale nyumbani kwa mtu mmoja. Zamu ya usiku iwe na wake. Mwezi Septemba 2022, Ebola ya Sudan ilipotangazwa Mubende, madaktari waliokuwa katika mwaka wa mafunzo kazini kwenye hospitali ya huko waligoma kwa kusema kwamba hawakupewa kinga ya kutosha, na mimi siwezi kuwalaumu, madhali mlipuko huo ulipokuja kwisha Januari 2023 ulikuwa umewaambukiza wahudumu wa afya 19 na kuwaua 7. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo Dk. Mohammed Ali, Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Alikufa Fort Portal tarehe 1 Oktoba, mbali na kwao. Kijana aliye masomoni hana sauti mbele ya mkuu wake, na akiambiwa ingia, huingia. Kwa hiyo weka kanuni iliyoandikwa na kutiwa sahihi yako kwamba asiyekamilika mavazi haingii, awe nani, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kuishika.

Sasa njoo kwenye wakati wa kuvua, ambao unastahili utulivu kuliko mambo yote yaliyomo humu, kwa kuwa mhudumu anapotoka amekaa ndani ya plastiki kwa muda mrefu, jasho limejaa ndani ya viatu vya mpira, miwani imeingia ukungu, kiu imemshika, na kila kilicho juu ya mwili wake kwa nje ni najisi. Hapo ndipo mkono hupanda wenyewe kujikuna pua. Asivue peke yake hata siku moja. Asimame mbele yake mtu mwingine, aliye safi na mwenye kujikinga, anayemsomea hatua moja baada ya nyingine kwa sauti ya taratibu, naye asitangulie wala asiruke. Anaanza kwa kusafisha mikono ilhali glavu bado zimevaliwa, na usafishaji huo hurudiwa baada ya kila kitu kinachoondoka mwilini. Aproni hutangulia, akiinama mbele ili isimguse kifua. Kisha glavu za nje. Kisha kifuniko cha kichwa. Kisha joho, likifunguliwa na kuviringishwa upande wa ndani uje nje. Miwani huvutwa kwa mpira wake wa nyuma ya kichwa, macho yakiwa yamefumbwa, na barakoa nayo hufunguliwa kwa nyuma, kamba ya chini kwanza, bila vidole kugusa mbele yake. Halafu viatu, bila kushikwa kwa mikono. Glavu za ndani huwa za mwisho, na baada yake mikono huoshwa kwa sabuni na maji kwa muda wa kutosha, ambao ni sekunde 40 hadi 60.

Nimeona, katika wodi ambayo sitaitaja, simu ikilia ndani ya mfuko wa muuguzi chini ya joho, naye akiwa nusu ya kuvua, na mkono wake ukaanza kwenda kiunoni kabla ya akili yake kuukumbuka. Mwenzake aliyekuwa akimsomea hatua alisema neno moja tu, “Sista!”, na mkono ukasimama hewani. Ikaachwa ilie mpaka ikanyamaza. Tangu siku ile nashauri kila kituo kiwe na kisanduku chenye kufuli mlangoni, ambamo simu, pete, saa na funguo za nyumbani huachwa kabla ya kuvaa, na mtu mmoja awe na daftari la kuwajibu jamaa wanaopiga. Kwani mama mwenye mtoto mchanga nyumbani atatamani kujibu simu, na hilo si kosa lake.

Muda wa kukaa ndani ya mavazi hayo usizidi saa moja katika joto la kawaida la Kampala, na mchana wa jua kali upunguzwe. Mhudumu anywe maji kabla ya kuingia na tena akitoka; aende haja kabla; na anayejisikia kizunguzungu atoke mara moja, mwenziwe akitoka pamoja naye. Kanuni ya wawili wawili isivunjwe hata kama watu ni wachache, maana mmoja akiingia peke yake, hakuna atakayeona glavu yake iliyopasuka.

Dawa ya klorini ichanganywe kila asubuhi, kwani hudhoofika ikikaa, hasa juani. Ile inayouzwa madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili ipatikane ya asilimia 0.5, ambayo ni ya sakafu, vitanda na vitu vilivyochafuka. Na hiyo ukiitia kipimo kimoja katika vipimo tisa vya maji unapata ya asilimia 0.05 ya kunawia mikono pale ambapo sabuni na dawa ya mikono ya alikoholi havipo. Soma kibandiko cha chupa kwanza, kwa kuwa nguvu zake hutofautiana. Na asinyunyiziwe mtu yeyote klorini mwilini, kama ilivyokuwa desturi zamani. Shirika la Afya Duniani limekataza, nayo huumiza macho na pumzi, na hurusha uchafu badala ya kuuondoa.

Maradhi yaendayo kwa hewa yana hukumu yake. Korona ilipofika Uganda, mgonjwa wa kwanza, aliyeshukia Entebbe, akithibitishwa tarehe 21 Machi 2020, tulijifunza kwamba barakoa ya kitambaa haitoshi kwa anayemsaidia mgonjwa kupumua, na kwamba barakoa nzito ya N95 haina faida ikiwa hewa inapita pembeni mwa pua. Avae, aifunike kwa viganja viwili, apumue kwa nguvu, na akisikia upepo mashavuni aivae upya. Zaidi ya barakoa ni dirisha. Kifua kikuu kimewaua wahudumu wetu tangu zamani, na dawa yake ya bure ni hewa inayoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Usikubali mafundi wafunge madirisha ya wodi kwa vioo visivyofunguka kwa ajili ya uzuri. Na chumba cha chai, ambacho kwa kawaida ni kidogo kuliko vyote na hakina dirisha, kihamishie barazani. Watu waliojikinga kwa saa nane mbele ya wagonjwa huvua barakoa pamoja, wakakaa bega kwa bega, wakagawana chapati, kwa kuwa hakuna anayemwogopa mwenzake.

Hilo linatufikisha kwenye wakati wa tatu. Muuguzi akiugua, huwa wa mwisho kujikubalia. Hujipima malaria mwenyewe, hununua dawa mwenyewe, humwomba rafiki amtundikie dripu katika chumba cha mapumziko, na huyo rafiki, kwa mapenzi, humgusa bila glavu, kwa sababu kuvaa glavu mbele ya rafiki huonekana kana kwamba ni kumtukana. Waambie watu wako waziwazi, katika kikao, wakiwa wote wazima, kwamba kumvalia mwenzako glavu ni kumheshimu. Na waambie pia kwamba atakayesema ninaumwa hatapoteza mshahara wa siku hiyo, wala zamu, wala nafasi yake ya kazi. Kisha litimize neno hilo kwa mtu wa kwanza atakayelijaribu, maana wote wengine watakuwa wakimwangalia. Kipimajoto kiwe mlangoni mwa wahudumu kama kilivyo langoni mwa wagonjwa, na kila mmoja apimwe anapoingia zamu na anapotoka. Aliyegusana na mgonjwa aliyethibitishwa bila kinga kamili apumzishwe na kufuatiliwa siku 21, apimwe joto mara mbili kwa siku, na apelekewe chakula huko aliko. Aliyechomwa na sindano aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, atoe habari saa ileile, na aanze dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Asiulizwe alikuwa mzembe namna gani. Swali hilo limewafanya watu wengi wafiche.

Usitegemee chanjo kuliko inavyostahili. Novemba 2018 Uganda ilianza kuwachanja wahudumu wa mstari wa mbele karibu na mpaka wa Kongo, nayo ilikuwa hekima kubwa, maana mgonjwa alikuwa bado hajavuka. Lakini chanjo ile ni ya Ebola ya aina ya Zaire, na milipuko ya 2022 na 2025 ilikuwa ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Jaribio la chanjo yake lilianzishwa hapa tarehe 3 Februari 2025, siku nne baada ya tangazo, na mtu wako akialikwa katika jaribio kama hilo aelezwe yote na aachiwe hiari yake. Mwenye kadi ya chanjo ya zamani asidhani kwamba ameruhusiwa kupunguza hadhari.

Mwili ukihifadhiwa, pana maisha yanayobaki nje ya geti. Machi 2020 usafiri wa umma ulipopigwa marufuku, boda boda zikakatazwa kubeba abiria, na amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja ya usiku, wauguzi waliokuwa wakiishi Kawempe, Nansana na Kireka walitembea kwa miguu kwenda na kurudi, na waliochelewa walikutana na askari wa barabarani. Tadbiri ya usafiri ni sehemu ya kinga. Ukiwa na gari moja, lipange liwachukue wa zamu ya usiku kwanza. Ukiwa huna, kodi chumba karibu, au wapange zamu walio karibu pamoja. Barua yenye muhuri na picha ya kila mhudumu iandikwe kabla ya amri kutoka. Chakula kipikwe kituoni, kwani mtu aliyevua mavazi ya kujikinga saa tisa alasiri asiambiwe akatafute kibanda cha rolex upande wa pili wa barabara.

Wengi wa watu wako hukaa katika chumba kimoja cha kupanga pamoja na mume au mke, watoto, na pengine mama mzazi aliyeletwa mjini kutibiwa. Wakiambiwa wajitenge nyumbani, wataitenga pembe ipi? Mpe mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla hajaondoka, na sare ifuliwe kazini kwa maji ya moto. Mwenye nyumba akisikia kwamba mpangaji wake anahudumu kwenye wodi ya wabaa, mara nyingine humtaka ahame. Nenda wewe, au mtume mtu mzima mwenye heshima, mkamwone mwenye nyumba huyo pamoja na mwenyekiti wa LC1 wa mtaa, mkamweleze kwamba Ebola haiambukizwi na mtu asiye na dalili, na kwamba mpangaji wake hupimwa kila siku kuliko yeye mwenye nyumba. Ziara moja kama hiyo hufaa kuliko matangazo mengi ya redio.

Hofu ya jamii ikiachwa bila kujibiwa hugeuka kuwa silaha. Tarehe 19 Aprili 2019, huko Butembo mashariki ya Kongo, Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini alimokuwa akipambana na Ebola. Kampala haijafika huko, namshukuru Mungu, lakini ndugu waliokatazwa kuosha maiti ya mzee wao wanaweza kumrukia mhudumu aliye karibu. Mhudumu wa wodi asipewe kazi ya kutoa habari ya kifo na kuzuia mwili kwa wakati mmoja na akiwa peke yake. Pawe na imamu, padri au mchungaji aliyekwisha kufundishwa namna ya maziko salama yenye heshima, anayejulikana kwa familia, na aitwe mgonjwa akiwa bado hai.

Kuhusu nafsi, sitaki tufanye kana kwamba ni jambo la pembeni. Muuguzi aliyefunga macho ya mwenzake hawezi kurudi kesho kuhesabu vidonge kana kwamba hakuna lililotokea. Usiwakusanye mara moja baada ya msiba kuwalazimisha wasimulie waliyoyaona, maana wataalamu wamekwisha kuonya kwamba kikao cha namna hiyo hakiponyi. Wape kwanza chai, usingizi, simu ya kuzungumza na watu wao, na ruhusa ya kwenda kuzika. Anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, anayeanza kunywa pombe ambaye hakuwa akinywa, anayenyamaza kabisa au kukasirika kwa kila neno, mpeleke wewe mwenyewe kwa mtaalamu; Butabika ni hospitali ya taifa ya maradhi ya nafsi na iko hapa mjini, na aibu ya kuonekana getini pake itapungua siku wakubwa watakapokwenda bila kujificha. Saa za kazi ziwe na mwisho. Zamu ya usiku iliyounganishwa na ya mchana, kwa sababu hakuna mtu mwingine, ndiyo inayozaa makosa ya kuvua niliyoyaeleza.

Mfagiaji ninamweka mwisho wa maelezo haya kwa sababu ndiye husahauliwa mwanzoni. Mara nyingi hakuajiriwa nawe bali na kampuni, hulipwa kidogo, hupewa glavu nyembamba za kupimia wagonjwa badala ya zile nene za kazi nzito, naye ndiye anayebeba ndoo ya matapishi na kukusanya mashuka. Pamoja naye ni mchomaji taka, mfuaji, dereva, mbeba machela, na mhudumu wa afya wa kijiji anayebisha hodi nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu wa Katanga. Mkataba na kampuni useme kwa maandishi kwamba watu wao watafundishwa, watavikwa na watachanjwa sawasawa na wako, na ikiwa kampuni itakataa, tafuta nyingine.

La kumalizia ni haki ya fedha, ambayo wasimamizi wengi huona haya kuitaja wakati watu wanakufa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamlazimu mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi inaweka kuwa aliyekufa kwa kazi yake, akiacha waliomtegemea, walipwe kiasi cha mapato yake ya miezi 60. Lakini mjane hawezi kudai kwa neno la mdomo. Huulizwa barua ya ajira, hati za malipo, daftari la zamu linaloonyesha kwamba marehemu alikuwa kazini siku fulani katika wodi fulani, taarifa ya kuambukizwa iliyoandikwa wakati ule, na majina ya warithi. Na vitu hivyo, visipokuwapo siku ya maziko, havipatikani tena kwa wepesi. Posho ya hatari nayo iandikwe kiasi chake na tarehe yake ya kulipwa kabla mtu hajaingia wodini, kwani ahadi za wakati wa wabaa hucheleweshwa sana baada ya wabaa kupita. Basi wiki hii, hata kama hakuna maradhi yoyote yaliyotangazwa, fungua jalada la kila mtu anayefanya kazi chini yako, uweke humo nakala ya mkataba wake, jina la mrithi wake na namba ya simu ya mrithi huyo, na uanze na mfagiaji.